Waliofikiwa Ni Akina Nani

Fomu ya taarifa tunayoijaza kwa ajili ya wahisani wetu ina safu ya tarehe, safu ya mahali, safu ya aina ya shughuli, na mwishoni safu iliyo pana kuliko zote, yenye kichwa kisemacho "Idadi ya waliofikiwa". Safu ya majina haimo. Sina ugomvi na hesabu. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na muuguzi asiyehesabu dozi ni hatari kwa mgonjwa. Ugomvi wangu ni kwamba hesabu hiyo, ikiletwa katika visiwa hivi, humfanya hata mtu mwema atafute umati mahali ambapo umati haupo, na akiwa katika kuutafuta humpita mlangoni mtu yule mmoja ambaye alikuwa akimngojea.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima. Sensa za nchi yetu haziulizi dini tangu ile ya 1967, lakini mkaazi yeyote wa Unguja au Pemba anajua bila kuambiwa kwamba Waislamu ni karibu watu wote na kwamba sisi Wakristo ni wachache mno. Tumo sisi wa familia chache za zamani, ambao makaburi ya wazee wetu yako hapa hapa. Wamo watumishi wa Muungano, askari na polisi waliohamishiwa huku kikazi. Na wamo vijana wa bara waliofuata kazi za hoteli, ujenzi, ulinzi na kazi za nyumbani, ambao siku hizi ndio wengi kanisani, ingawa kwa kusema kweli wengi zaidi hawaonekani kanisani kabisa. Kanisa la watu wa namna hii haliwezi kuiga yanayofanyika Dar es Salaam au Mwanza, ambako jukwaa husimamishwa uwanjani, vipaza sauti vikafungwa, na jioni mikono iliyoinuliwa ikahesabiwa. Nimewahi kuwaona wageni waliokuja na mpango huo ukiwa umeshachapishwa kwenye vipeperushi. Kibali cha uwanja hakikupatikana, mkutano ukafanyika ndani ya ua wa kanisa, wakahudhuria watu wale wale wa kila Jumapili, na wote wakaandikwa kuwa wamefikiwa.

Historia yetu wenyewe ilianza kwa hesabu ambayo fomu ile ingeidharau. Askofu William Tozer na Edward Steere wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la UMCA, walifika Unguja mwishoni mwa Agosti 1864, baada ya misheni yao kushindwa katika bonde la mto Shire, Malawi ya leo, ambako askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862. Hapa hawakuwa na muumini hata mmoja wa kumwita wao. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa, ambao Sultani Majid aliikabidhi misheni. Mmoja wa watoto hao, John Swedi, alipewa ushemasi mdogo mwaka 1870 na ushemasi kamili mwaka 1879. Baadaye Cecil Majaliwa, ambaye naye alikombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Kiungani, shule ya misheni hapa Unguja, alipewa ukasisi mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo, na akafanya kazi Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa Wayao wenzake. Mtu akitaka kujua kwa nini Masasi na vijiji vyake vina Waanglikana wengi kiasi kile, sehemu ya jibu imo katika darasa dogo la Unguja ambalo kwa kipimo cha leo lingehesabiwa kuwa halikufanikiwa.

Hata hivyo sitaki kuisimulia habari hii kana kwamba haina upande wa pili, kwa sababu upande huo umo nyumbani kwetu. Mama wa bibi yangu alikuwa mmoja wa waliofikiwa. Misheni ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871, ikaanzisha kijiji cha watu walioachwa huru pamoja na shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, ambayo Caroline Thackeray alikuja kuiongoza mwaka 1877. Hata alipoacha kazi ya ualimu hakurudi kwao Uingereza bali alibaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Magofu ya shule yake yapo bado karibu na ufuo, na kanisa la Mtakatifu Yohane lipo na linasaliwa. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba mama yake aliletwa pale akiwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza kwao ni wapi, na kwamba alikuta watu waliojua ni msichana gani anaogopa giza, ni nani hali samaki, na ni nani akiachwa peke yake hulia. Alikuwa pia akitusimulia kwamba siku ya ubatizo mama yake alipewa jina jipya, na lile alilopewa na mzazi wake huko bara hakuna aliyeliandika popote. Hatulijui mpaka leo.

Nimekuwa nikiyafikiria mambo hayo mawili kwa pamoja kwa miaka mingi, na siwezi kulichukua moja nikaliacha la pili. Mtoto aliyetolewa jahazini hakuwa na pa kwenda. Alikula chakula cha misheni, akavaa nguo za misheni, akasali sala za misheni, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Simlaumu aliyempokea, kwa maana njia nyingine iliyokuwa wazi kwa mtoto yule ni kurudi mikononi mwa wafanyabiashara. Lakini mtu anayepokea msaada kwa sababu hana njia nyingine bado hajasema ndiyo, na kanisa lolote linalofanya huduma kwa watu wenye shida linapaswa kulikumbuka hilo kila linapofungua gunia la mchele. Kumjua mtu kwa undani bila ya kumwachia nafasi ya kukataa ni kummiliki.

Steere, kwa upande wake, alikuwa na tabia moja ambayo ningependa wahisani wetu waisome kabla ya kutuma fomu. Alianza kwa kusikiliza. Aliwakalisha watu wa mjini wamsimulie hadithi, akaziandika kama walivyozisema, akazitoa kitabuni mwaka 1870, mwaka ule ule alipotoa kitabu chake cha kufundishia lugha. Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja lilitoka 1879, na Biblia nzima ikatoka 1891, yeye akiwa ameshafariki miaka 9 kabla. Yaani mtu huyu, ambaye baadaye alikuwa askofu na kusimamia ujenzi wa Kanisa Kuu la Mkunazini juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa Juni 1873, alitumia miaka yake ya mwanzo akiwa mwanafunzi wa watu aliowajia. Wageni wanaotembezwa Mkunazini huonyeshwa altare iliyosimama pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa, na zile nguzo ambazo inasemekana mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu wakati Steere alipokuwa safarini. Wageni hupenda sana habari ya nguzo. Ya kusikiliza haina cha kupigia picha.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 shule za misheni zilichukuliwa na serikali, watu wengi wakaondoka, na kanisa likabaki na majengo makubwa kuliko watu wake. Kizazi cha wazazi wangu kiliishi humo bila makelele. Ninalolitaka hasa ni kueleza hali ya leo.

Leo kazi iko pwani. Shika ukanda wa mashariki, tangu Kiwengwa mpaka Paje na Jambiani, au upande wa kaskazini, Nungwi na Kendwa. Kwenye hoteli Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine, pengine kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa wageni huondoka asubuhi na wengine huingia mchana, na vyumba vyote lazima viwe vimebadilishwa mashuka katikati ya saa hizo. Mapumziko hupangwa kwa zamu. Binti wa usafi wa vyumba anaweza kupata Jumanne wiki hii na Alhamisi wiki ijayo. Akitaka kufika kanisani mjini lazima apande gari ya shamba alfajiri, na nauli ya kwenda na kurudi inakula fedha aliyokuwa anataka kuwatumia watoto aliowaacha kwa mama yake Singida au Tabora. Kanisa lilikuwa likimngojea Jumapili saa 2 asubuhi, likaandika kwamba amepoa kiroho. Nilipopendekeza kwenye kikao kwamba sisi ndio twende Jumanne, mzee mmoja aliuliza kwa dhati kabisa kama ibada ya Jumanne inahesabika.

Tunakwenda wawili wawili, wanawake kwa wanawake, na kabla ya kubisha hodi popote tunapita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo. Wasomaji wa bara huenda wasijue uzito wa jambo hili. Huku sheha ndiye anayejua nani amehamia, nani amepangisha chumba, nani ana mgeni, na mtu asiyejulikana akionekana anazunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wa vitabu, maneno yatafika kwa sheha kabla yeye mwenyewe hajafika kituoni kupanda gari ya kurudi. Sheha wa kijiji kimoja tunachokwenda ni mtu mzima mwenye maneno machache. Mwanzoni alituuliza tunataka nini, nikamwambia kuna watoto wetu wanaofanya kazi hapa na hawana wazazi karibu, tumekuja kuwaangalia. Akafikiri, akasema, "Mama, nyinyi mmebisha hodi kwangu kwanza. Wengine nawasikia kwa watu." Tangu hapo akisikia kuna kijana wa Kikristo anayeumwa chumbani peke yake, hunipigia simu.

Kuna binti mmoja nitakayemweleza kwa namna ambayo hata yeye mwenyewe akisoma hatajulikana na wengine. Alipanga chumba nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa kijijini, na tulipofika alikuwa amelala, viatu bado miguuni. Tulijitambulisha. Akasema, "Shikamoo mama. Mniwie radhi, leo siwezi kuomba, nimechoka." Nikamjibu marahaba, nikamwambia alale, tukamwachia maandazi tukaondoka. Mwenzangu alinung'unika njia nzima kwamba tumetumia nauli bure. Tulirudi, tukarudi tena, na siku moja bila ya kuombwa alitoa chini ya godoro karatasi za mkataba wake wa ajira, zilizoandikwa kwa Kiingereza, akaniomba nimsomee. Alikuwa ameahidiwa kuajiriwa rasmi baada ya kipindi cha majaribio, na kipindi hicho kilikuwa kimepita zamani bila mtu kusema neno, wala michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, haikuwa ikipelekwa. Tulimtafutia mtu anayejua sheria za kazi, akamweleza wapi pa kwenda na aseme nini. Hilo lilichukua miezi. Katika miezi hiyo hatukufanya mkutano, hatukugawa kitu, na nilipofika kwenye safu ile pana niliandika tarakimu 1.

Sasa binti huyo anasali nasi anapopata zamu nzuri. Lakini nasema wazi, hata asingesali, Jumanne zile zisingekuwa zimepotea. Injili ya Luka inamsimulia mchungaji aliyewaacha kondoo 99 nyikani akaenda kumtafuta mmoja, na mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu kisa hicho hukaa kwenye furaha ya kumpata. Mimi kila mara hushughulishwa na jambo la mapema zaidi, ambalo halisemwi sana: mchungaji yule alijua kwamba mmoja hayupo. Mwenye kondoo mia asiyewatambua mmoja mmoja angerudi nyumbani jioni akiwa na amani kabisa.

Katika hilo uchache wetu ni neema ambayo makanisa makubwa hayana. Nimekaa Pemba kwa kazi, na huko nililiona vizuri kuliko mjini Unguja. Pemba haikuwahi kuwa na Wakristo wengi. Marafiki, yaani Wakristo wa Uingereza wa dhehebu la Waquaker, walifika huko mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar, wakaanzisha shamba Banani, karibu na Chake Chake, ili walioachwa huru wapate kazi ya ujira. Theodore Burtt ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Walifundisha, walitibu, walilipa mishahara, na waliopokea imani yao walikuwa wachache. Sijui kama mtu ana haki ya kuiita kazi yao hasara, maana mkulima wa karafuu aliyepata ujira wake wa kwanza bila kuchapwa hakuwa takwimu kwa nafsi yake. Katika ibada za Chake Chake nilizohudhuria, mtu akikosekana Jumapili moja kiti chake kilionekana, na kabla ya jua kuchwa alikuwa ameshapitiwa nyumbani. Niliporudi mjini nikakaa katika benchi refu la kanisa lililojaa, niligundua kwamba ningeweza kuumwa mwezi mzima na pengo langu likajazwa na mtalii.

Wakatoliki walilitafutia dawa jambo hili mapema. Maaskofu wao wa Afrika Mashariki, walipokutana chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza yao, mwaka 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa maisha ya kanisa, familia chache za jirani zikikutana nyumba kwa nyumba, zikisoma Neno, zikipeana zamu za kuangalia wagonjwa na kuchangiana misiba. Walutheri nao wana jumuiya zao, na sisi Waanglikana tumeiga bila ya aibu. Kwa Zanzibar utaratibu huo una tabu yake, kwa kuwa familia za jirani hazipo. Wanajumuiya wanaweza kuwa mmoja Fuoni, mmoja Bububu, na mwingine amelala kwenye nyumba ya mwajiri wake katika mtaa wa Mombasa kwa Mchina, hapa hapa Unguja. Kwa hiyo jumuiya huku hujengwa kwa simu na kwa miguu ya watu wawili watatu waliostaafu.

Wasichana wa kazi za nyumbani ndio wagumu zaidi kuwaona. Hawana siku ya mapumziko inayojulikana, hawatoki bila ruhusa, na mwenye nyumba ana kila haki ya kujiuliza huyu mama wa kanisani anamtakia nini msichana wake. Nimejifunza kwamba lazima nimwamkie mwenye nyumba kwanza, nikae naye barazani, ninywe chai yake, nimweleze mimi ni nani na mtoto wa nani. Unguja ukishasema umezaliwa wapi na bibi yako alikuwa nani, nusu ya shaka huondoka. Katika nyumba moja ya Ng'ambo nilikwenda kwa ajili ya msichana wa Kigoma, na nikaishia kukaa zaidi na bi mkubwa wa nyumba, ambaye siku moja aliufunga mlango wa ukumbini akanieleza habari za mwanawe aliyeingia kwenye unga. Alikuwa ameuza mpaka bangili zake. Aliona aibu kuwaambia ndugu, na mimi, kwa sababu sikuwa ndugu na niliwahi kufanya kazi hospitali, nilikuwa mtu salama. Nilifuatana naye kwenye nyumba ya upataji nafuu, tukazungumza na wahusika, tukarudi. Yeye ni Mwislamu, mwanawe ni Mwislamu, na katika safari zote zile sikutamka neno la kumvuta kwenye dini yangu, wala yeye hakunivuta kwenye yake. Aliniombea dua kwa sauti ndani ya gari, nami nikaitikia amin.

Mratibu wetu aliposikia alifurahi, akasema huyo naye aandikwe. Nilikataa, na tulibishana sana. Yeye aliona kwamba ninaficha tunda la kazi. Mimi niliona kwamba mama yule alinifungulia mlango wake wa ndani akiniamini, na siku atakaposikia kwamba mahali fulani Ulaya yuko kwenye karatasi kama mtu aliyefikiwa na kanisa, ataamini kwamba chai yote ile ilikuwa mtego. Na atakuwa na haki. Ujirani una adabu zake huku, za kwenda kwenye maziko ya jirani na kukaa na wanawake wenzako wakati wa hitma hata kama husomi, za kupelekewa futari wakati wa Ramadhani na kurudisha sahani ikiwa na kitu ndani yake. Adabu hizi ni za zamani kuliko kamati yetu, na anayezigeuza kuwa mbinu anaharibu kitu ambacho hakukijenga.

Kitu hicho kilitufaa siku ngumu ilipokuja. Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili asubuhi, Padri Evarist Mushi wa Kanisa Katoliki alipigwa risasi akauawa akiwa anakwenda kusalisha misa. Wiki zilizofuata wengi wetu tuliogopa, vijana kadhaa wa bara walirudi makwao, na baadhi ya makanisa yaliongeza walinzi na kuinua kuta. Nyumbani kwangu majirani walikuja siku ile ile, wanawake wamejifunika mabuibui yao, wakakaa mkekani kama watu waliofiwa, wakanipa pole ingawa marehemu hakuwa wa dhehebu langu na wao hawakumjua. Hapakuwa na kiongozi aliyewatuma, wala kamati ya maridhiano. Walikuja kwa sababu walinijua mimi. Sijui mkutano wa hadhara ambao ungeweza kuwaleta.

Kuhusu daftari: nina daftari la kawaida la shule, na mle ndimo kilipo kile ambacho fomu haikiulizi. Ninaandika jina ambalo mtu mwenyewe anataka kuitwa, kwao ni wapi hadi kijiji, dhehebu lake, siku zake za zamu zinavyokwenda, maradhi anayotumia dawa zake, na namba ya simu ya mtu wa kwao. Hii ya mwisho wengi husita kuitoa. Ninawaeleza bila ya kuzungukazunguka kwamba ni kwa ajili ya kuumwa na kufa, na hapo huitoa.

Mlinzi mmoja wa usiku, mtu wa makamo kutoka Kigoma, alikuwa akisoma Biblia yake chini ya taa ya geti na kuifunga gari linapopiga honi. Kasisi alikuwa akimpelekea Komunyo jioni kabla hajaingia lindoni, kwa kuwa Jumapili asubuhi ndipo alipokuwa analala. Alikuwa na shinikizo la damu na dawa alikuwa akizinunua kwa kubahatisha. Alipoanguka na kufariki, kampuni yake ilikuwa na jina lake na namba ya kitambulisho tu. Sheha aliuliza nani anamjua mtu huyu, mwenye nyumba aliyompangisha akasema kuna mama mmoja wa kanisani huja. Namba ya kaka yake ilikuwa daftarini. Kusafirisha maiti kwa boti hadi Dar es Salaam na kisha kwa barabara hadi Kigoma ni gharama ambayo familia yake isingeiweza, na kaka yake alisema kwa simu, baada ya kimya kirefu, kwamba tumzike huko huko ila tumtafutie mtu wa kuimba wimbo wa kwao. Tulimpata askari polisi Muha, akaimba. Mwenye nyumba alichangia sanda, na vijana wa kijijini walisaidia kubeba jeneza mpaka kwenye gari.

Wengine wataniuliza kama njia hii inaweza kukua, yaani kama watu wachache wenye madaftari wanaweza kuwafikia maelfu ya wafanyakazi wa pwani. Jibu langu ni kwamba hawawezi, na kwamba suluhisho ni kuwapata wengine wa kwenda, hasa miongoni mwa hao hao wafanyakazi. Binti yule wa mkataba anayo sasa majina ya wenzake wa hoteli tatu, na anawajua vizuri kuliko nitakavyowajua mimi. Anajua nani ana mimba na hajasema, nani anadaiwa, nani ameacha kula. Mimi magoti yangu hayapendi tena gari za shamba.

Kazi inayotusumbua kwa sasa ni ya masika. Mvua zikianza, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa, na vijana huambiwa warudi kwao mpaka watakapoitwa. Kanisa lina utaratibu wake wa barua ya utambulisho kwa muumini anayehama, lakini barua hizo hutolewa ofisini, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa anayekuja kuziomba, na kijana aliyepewa taarifa jioni ya kuondoka kesho hana nafasi ya kupita ofisini. Mwaka huu tumekubaliana kwamba katibu atatia saini barua mapema, sisi tuzijaze majina huko huko pwani, kisha tumpigie simu katekista au mchungaji wa kijiji anachokwenda. Wengine hawapokei. Wengine husema hawamfahamu kijana huyo, kwa kuwa aliondoka akiwa mdogo. Mmoja, wa upande wa Iramba, alisema mama wa binti huyo alikuwa amekaa mbele yake wakati ule ule, akampa simu azungumze nami.